Paka wa Manyoya Marefu: Mchane Kabla Manyoya Hayajafungana



Huenda nyumbani kwako yuko paka. Ulimchukua kwa jirani akiwa mdogo, ukampa chakula kidogo, naye akakua. Kazi yake unaijua. Mahindi yakiingia ndani, yeye hulala karibu na magunia. Panya wakisikia harufu yake wanakaa mbali.

Katika wilaya yetu ya Kilosa kazi hiyo si ndogo. Panya shamba jike anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Mvua ikinyesha vizuri na chakula kikiwa kingi, panya hujaa mashambani. Baada ya mavuno wengine huyafuata mahindi mpaka nyumbani. Panya hao hawali mahindi tu. Hukojoa juu ya chakula na ndani ya maji. Mkojo wa panya unaweza kuleta homa ya mgunda, ugonjwa ulioua watu mkoani Lindi mwaka 2022. Kwa hiyo paka anayekamata panya analinda chakula chako, na analinda afya yako pia.

Leo tuzungumze juu ya paka wa namna moja tu. Ni yule mwenye manyoya marefu.

ANATOKA WAPI?

Paka wengi wa vijijini wana manyoya mafupi. Lakini mara moja moja, iwe Rudewa, Kimamba au Mikumi, paka wa kawaida huzaa watoto wanne, na mmoja kati yao huota manyoya marefu na mkia kama ufagio. Watu hushangaa. Wengine husema paka huyo ametoka Ulaya. (Ulaya ya ng'ambo, si Ulaya yetu ya hapa Kilosa.) Wengine husema maneno mabaya zaidi, kwamba paka huyo ametumwa na mtu.

Maneno hayo si ya kweli. Paka huyo amerithi asili ya manyoya marefu kutoka kwa mama yake na kwa baba yake. Mzazi anaweza kuwa na asili hiyo ndani ya damu bila kuionyesha. Yeye mwenyewe ana manyoya mafupi. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, baadhi ya watoto wao wanaweza kuwa na manyoya marefu. Hakuna uchawi hapo, na hakuna sababu ya kumtupa mtoni.

Sababu ya kumtunza ipo. Paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati. Paka pori wapo hata katika mbuga zetu. Manyoya ya paka pori ni mafupi. Akipita kwenye nyasi na miiba, anatoka salama. Paka wako mwenye manyoya marefu akipita mahali hapo hapo, anatoka amebeba nusu ya shamba.

MANYOYA HUFUNGANA VIPI?

Manyoya ya paka hufa na kung'oka kila siku, na mengine huota. Paka mwenye manyoya mafupi hudondosha yale yaliyokufa chini, au huyaondoa kwa ulimi. Ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea nyuma. Ukilambwa mkononi utaisikia inakwaruza. Hicho ndicho kitana chake.

Kwa paka mwenye manyoya marefu, kitana hicho hakitoshi. Manyoya yaliyokufa hayadondoki. Hunasa katikati ya yale yaliyo hai, yakajizungusha. Kisha huingia mafuta ya ngozi, vumbi, umande, na mbegu za kishona nguo. Paka akilala juu yake, yanakazwa. Akilowa mvua na kukauka, yanakazwa zaidi. Mwishoni unapata bonge gumu, limeshikamana na ngozi kabisa.

Mabonge hayo huanza mahali panaposuguana. Tazama nyuma ya masikio, kwapani, tumboni, katikati ya miguu ya nyuma, na chini ya mkia. Ukimtazama juu ya mgongo tu utasema ni mzima. Lazima upeleke vidole chini.

Paka mzee hupata mabonge haraka, kwa sababu viungo vimekaza na hawezi kujipinda ajilambe. Paka mnene vivyo hivyo. Paka mwenye meno mabovu huacha kujilamba kwa sababu ya maumivu. Paka mwenye mimba kubwa hafiki nyuma. Kwa hiyo paka aliyekuwa safi mwaka jana akianza kufungana mwaka huu, usimwite mvivu. Mtazame mdomoni kwanza.

Tena kuna chakula. Paka si mbuzi, wala si mtu. Hawezi kuishi kwa ugali peke yake. Mwili wake unahitaji nyama au samaki. Akikosa, manyoya hukauka, hukatika, hufungana upesi, na hata macho na moyo vinaweza kuharibika. Watu wengine husema paka akishiba hakamati panya. Paka hukamata panya hata akiwa ameshiba, maana kuwinda kumo ndani yake. Dagaa wachache na maji safi vitampa nguvu ya kazi.

KWA NINI UJALI?

Mzee mmoja wa upande wa Mikumi aliniuliza swali hili mbele za watu. "Mwanangu, sisi watoto wetu wenyewe hawachanwi kila siku. Paka naye achanwe kama bibi harusi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Swali ni zuri, nalo lina jibu.

Fikiri mtu amekusuka nywele, amekaza mno. Huwezi kufumua. Unalima nazo, unalala nazo, wiki baada ya wiki. Kila ukigeuza shingo, ngozi ya kichwa inavutwa. Paka mwenye bonge kwapani huvutwa ngozi kwa kila hatua. Huacha kuruka na kukimbia. Panya wanajua mapema kuliko wewe.

Chini ya bonge ngozi haipati hewa. Inakuwa mbichi, inatoka maji, inachubuka. Viroboto na kupe wanajificha humo. Kama kuna kidonda, inzi hutaga mayai, na baada ya siku chache kuna funza wanaokula nyama. Harufu hutoka, watu wanamfukuza paka ndani, wala hawajui anaumwa nini.

Na hapa ndipo jambo hili linapoingia katika ukurasa wa afya. Paka mwenye maumivu huuma. Mtoto anamshika tumboni kama alivyozoea, paka anageuka na kuzamisha meno mkononi. Mtoto analetwa zahanati, mama analia, watu wanasema paka ana kichaa. Pengine anacho, pengine hana. Lakini mtoto ameumwa.

DAWA ZINAZOUA

Jambo baya kuliko mabonge yenyewe ni zile dawa ambazo watu hutumia kuyaondoa pamoja na viroboto vyake. Nitazitaja moja moja.

Kwanza mafuta ya taa. Mtu anampaka paka mafuta ya taa ili viroboto wafe na manyoya yalainike. Mafuta hayo huchoma ngozi. Tena paka hujilamba, kwa hiyo anayameza, na yakiingia kwenye mapafu yanaweza kumuua.

Pili dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wafugaji wengi wa Kilosa wanayo nyumbani, na ng'ombe inamfaa. Mtu anasema, kama inaua kupe wa ng'ombe, itaua viroboto vya paka. Ndiyo, itawaua, na paka naye atakufa. Nyingi za dawa hizi zina sumu ya aina ya permethrini au jamaa zake. Ini la ng'ombe na la mbwa linaweza kuivunja sumu hiyo. Ini la paka haliwezi. Paka huanza kutetemeka masikio na ngozi, kisha miguu, kisha anakamaa na degedege.

Tatu ni dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu imo karibu kila nyumba. Tangu dumuzi alipoingia nchini, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, wakulima wamelazimika kuchanganya mahindi na dawa. Dawa nyingi za namna hiyo zina permethrini ndani yake. Mtu anaona unga mkavu, anaona paka mwenye viroboto, anamnyunyizia. Paka mwenye manyoya marefu huushika unga mwingi kuliko paka mwingine, kisha anaulamba wote. Usifanye hivyo kamwe. Na siku ile unapochanganya dawa na mahindi, mfungie paka nje mpaka umemaliza, umefagia na umefunga magunia.

Kama jambo limekwisha tokea, usingoje degedege. Funga kitambaa mkononi, mwoshe paka kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mara mbili au tatu, mpaka dawa itoke. Mkaushe, mfunike kwa kitambaa kikavu asijilambe, mweke mahali patulivu. Usimpe maziwa kwa kusudi la kuvunja sumu, maana hayaivunji. Mpeleke kwa afisa mifugo upesi, na uchukue kile kikopo cha dawa ili asome maandishi.

Nne, wembe na mkasi. Bonge linapoota huvuta ngozi ya paka juu, ikaingia ndani ya bonge lenyewe. Ngozi hiyo ni nyembamba sana. Unafikiri unakata manyoya, kumbe unakata paka. Na wembe uliotumika kwa paka usirudi kamwe kwenye kichwa wala kidevu cha mtu.

KUMCHANA

Kazi yenyewe si ngumu. Tafuta chanuo lenye meno mapana. Chanuo la zamani linafaa, ila liwe la paka tangu siku hiyo. Asilitumie mtu tena.

Anza akiwa mdogo. Mtoto wa paka aliyechanwa tangu miezi miwili hudhani ndivyo maisha yalivyo. Paka mkubwa ambaye hajazoea, anza kwa vidole tu kwa siku kadhaa. Chagua saa ya jioni, amekula, ametulia. Kaa chini, mweke mapajani juu ya kitambaa. Asishikwe kwa nguvu na watu wawili kama mbuzi wa kuchinjwa.

Chana kufuata manyoya yanavyolala, toka shingoni kwenda mkiani. Usichane kinyume. Mahali palipoanza kushikamana, shika manyoya kwa vidole viwili karibu na ngozi, ili kuvuta kusifike kwenye ngozi. Kisha anza kuchana ncha za manyoya, taratibu, ukirudi ndani kidogo kidogo. Ni kama kuchambua pamba. Ukianzia ndani unalikaza bonge.

Tumbo na kwapa uviache mwisho, na uvipitie upesi. Paka wengi hawapendi kushikwa tumboni. Akianza kupiga mkia huku na huku, au akilaza masikio nyuma, mwachie. Utamaliza kesho. Mpe kichwa cha dagaa, naye kesho atakuja mwenyewe.

Dakika tano kwa siku zinatosha. Kama huna nafasi kila siku, fanya mara tatu kwa wiki. Wakati wa kwenda naye kwa bidii zaidi ni baada ya masika. Mwezi wa Juni kishona nguo kimekauka, na kila mbegu ina vimiiba vyake tayari. Fyeka mzunguko wa nyumba kabla hakijakauka. Utampunguzia paka kazi, na nyoka naye atakosa maficho karibu na mlango.

Juu ya kuosha kuna kosa moja la kawaida. Watu humwosha paka mwenye mabonge wakidhani maji yatayalegeza. Maji huyakaza. Chana kwanza, uoshe baadaye, kama kuna haja. Mara nyingi haja haipo. Lakini siku mto unapofurika, kama Mkondoa ulivyofurika Desemba 2009 na Januari 2010, paka anaweza kurudi nyumbani amejaa matope mpaka machoni. Hapo acha matope yakauke, yavunje kwa vidole, chana yatoke, kisha ndipo uoshe yaliyobaki na kumkausha vizuri.

KAMA BONGE LIMEKWISHA KUWA GUMU

Bonge dogo, kama punje ya mahindi, ligawe kwa vidole katika sehemu mbili, kisha nne. Litafunguka, ingawa huenda ikachukua siku mbili au tatu.

Bonge kubwa kuliko hapo, lililoshikana na ngozi, usipambane nalo peke yako. Afisa mifugo anaweza kulinyoa kwa mashine. Kama yuko mbali nawe na bonge linamtesa paka, ingiza meno ya chanuo katikati ya bonge na ngozi, kisha kata juu ya chanuo, upande wa mbali na ngozi. Chanuo ndilo linalolinda ngozi. Kama chanuo halipiti, basi mkasi nao usipite. Ukiona usaha, harufu au funza, mpeleke kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo.

MIKONO YAKO NA WATOTO WAKO

Manyoya yaliyotoka usiyaache yapeperuke jikoni. Yachome au yafukie. Osha mikono kwa sabuni kila umalizapo kuchana.

Sababu moja kubwa ni mapunye. Paka, hasa mdogo, anaweza kubeba vijidudu vya mapunye kwenye manyoya yake bila kuonyesha dalili yoyote. Mtoto analala naye, baada ya muda kichwani panatokea duara lenye magamba, nywele zinakatika. Ukiona hivyo, mlete mtoto zahanati. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa dawa ya kupaka peke yake. Anahitaji dawa ya kumeza, na inachukua wiki kadhaa. Wala usimpake majivu ya betri, kama nilivyoona. Chunguza pia watoto wengine wa nyumba hiyo, na umtazame paka kwenye masikio, usoni na kwenye miguu. Ukikuta sehemu zisizo na manyoya, kazi ya kumchana isimame mpaka atibiwe.

Mama mwenye mimba anaweza kuendelea kuwa na paka. Lakini kazi ya kuondoa mavi ya paka aifanye mtu mwingine, kwa maana mavi hayo yanaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Akilima bustani mahali paka wanapojisaidia, anawe mikono vizuri, na mboga zioshwe.

Na mtu akiumwa au akikwaruzwa na paka, afanye nini? Aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Tumia saa. Jeraha la paka huonekana dogo, tundu moja tu, lakini jino lake ni jembamba na limeingia ndani sana. Usilifunge kwa majani, wala usilikamulie utomvu. Baada ya kuosha, njoo zahanati siku hiyo hiyo, hata kama halitoki damu. Huenda ukahitaji chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa. Zahanati yenu ikiwa haina chanjo, mtaelekezwa hospitali iliyo nayo, na mwende bila kuchelewa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa mtu, ni kama hakuna wa kupona. Dawa ni ile chanjo inayowahi kabla ya dalili.

Jina la ugonjwa huo hudanganya watu. Unaitwa kichaa cha mbwa, lakini paka naye huupata, akiumwa na mbwa au na mnyama wa porini kama mbweha. Watu wa vijiji vilivyo mpakani mwa Hifadhi ya Mikumi wakumbuke hilo zaidi. Paka achanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama afisa mifugo atakavyoelekeza. Siku ya chanjo inapotangazwa kijijini, watu hupeleka mbwa na kuwaacha paka nyumbani. Mpeleke naye. Usimbebe mikononi, kwa sababu pale kutakuwa na mbwa wengi, naye akiogopa atakuparua usoni na kukimbia. Mtie ndani ya tenga la kuku lenye mfuniko, funga mfuniko kwa kamba, funika tenga kwa kanga, na usimame naye pembeni mpaka mbwa wapungue.